Kuipata sura ya Tanga: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa dizaini

Mwambie mwanafunzi yeyote wa dizaini achore bango la Tanga, na kabla chai haijapoa atakuletea jahazi, mnazi na jua linalozama. Mchoro unaweza kuwa safi kabisa. Sasa futa neno "Tanga" uandike "Lamu". Bado bango linafaa? Andika "Bagamoyo". Linafaa vilevile. Basi aliyechora hajachora mji, amechora pwani kwa jumla. Jaribio hili la kubadili jina tutalirudia mara kadhaa humu, maana sijaona kipimo kingine kinachofichua uvivu haraka kama hicho.

Vifaa ni vichache: daftari lisilo na mistari, penseli laini, kalamu nyeusi, kipande cha mkaa au kreyoni, karatasi nyepesi za kunakilia, futi ya kitambaa kama ya fundi cherehani, na simu yenye kamera. Kompyuta iache nyumbani kwanza. Wakati wake ukifika, programu ya kuchorea ya Inkscape inatosha na haina malipo.

1. Ipe kazi mipaka

"Utambulisho wa Tanga" ni mada pana mno, utazama humo. Andika sentensi moja inayosema unatengeneza nini, kwa ajili ya nani, atakiona wapi na kwa muda gani. Mfano nitakaoutumia humu: *bango la A2 la kumkaribisha msafiri anayeshuka basi stendi ya Kange, atakaloliona akiwa umbali wa mita 5 huku akitafuta mzigo wake.* Sentensi hiyo imeshakuamulia mengi. Herufi zitakuwa kubwa, maneno machache, na michoro midogo midogo yenye nakshi nyingi haina nafasi.

2. Soma kabla ya kutembea

Ukiingia mtaani bila kujua lolote utapiga picha za kila kitu na hutaona chochote. Tenga siku ya kusoma. Ukiweza pita kwanza Urithi Tanga, makumbusho yaliyomo ndani ya boma la zamani la Wajerumani, kwa sababu picha za kale za mji zinakuonyesha ni nini kilichobaki na ni nini kilichoondoka.

Angalia, kwa mfano, mwaka 1893 peke yake. Mwaka huo Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kuelekea Usambara, ya kwanza katika koloni lao la Afrika Mashariki. Ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche ya mkonge ambayo asili yake ni Mexico, ikapitia Florida na Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka kwenye miche hiyo Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Na mwaka huohuo tena, ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilikusanya eneo hili lilipewa jina la kisayansi, *Saintpaulia*. Leo linakaa kwenye vyungu vya madirishani Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia hawajui limetoka wapi. Matukio matatu, mwaka mmoja, eneo moja. Hilo tayari ni wazo la bango, na hujachora hata mstari.

Mengine ya kuyajua: vita vya Novemba 1914, ambapo jeshi la Waingereza lenye askari wengi kutoka India lilishuka pwani likashindwa na kikosi kidogo cha kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, huku nyuki nao wakiwashambulia wapiganaji. Shaaban Robert, aliyezaliwa kijijini Machui mwaka 1909. Magofu ya Tongoni kusini ya mji, yenye msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Mapango ya Amboni kwenye mawe ya chokaa. Na silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu zama za dinosaria hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga wamemtoa baharini mara nyingi tangu miaka ya 2000, na hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa hapa mwaka 2009.

Tahadhari moja. Usiyachukulie yote haya kama mapambo. Nyuki wa 1914 wanavutia sana kwa macho, masega yao yanachoreka kirahisi, lakini wale waliokufa wana makaburi mjini hapa. Na mkonge, pamoja na fedha zake, ulibebwa na migongo ya manamba walioletwa kutoka mbali kwa mikataba migumu. Ukiuchora mkonge wa kijani wenye furaha bila kujua hilo, mzee mmoja wa Muheza atakuuliza swali utakaloshindwa kulijibu.

3. Tembea, na mikono ifanye kazi

Gawa mji vipande, usiuvamie wote kwa siku moja. Kipande cha kwanza kiwe mjini kati, kwenye majengo ya zamani yenye baraza, roshani za mbao na tarehe zilizoandikwa juu ya paa. Cha pili Ngamiani, ambako barabara zimenyooka na zinaitwa kwa namba: mtu anakuelekeza "barabara ya nane", "barabara ya kumi na mbili", na unafika. Cha tatu ufukweni, kutoka bandarini hadi Raskazone. Cha nne nje kidogo: shamba la mkonge njia ya Muheza, au Tongoni.

Nenda asubuhi mapema au baada ya alasiri. Adhuhuri jua linapiga wima, vivuli vinakufa na kuta zote zinaonekana za aina moja.

Kila unaposimama fanya haya kabla ya kugusa simu. Chora kitu kwa muda wa kama dakika 5 bila kufuta. Kipime kwa futi: upana wa mlango, umbali kati ya nguzo na nguzo, unene wa herufi ya kibao. Kisha weka karatasi nyepesi juu yake na uisugue kwa mkaa. Ukuta wa mawe ya matumbawe, mbao za mlango, kifuniko cha chuma, mkeka, vyote vinaacha alama ambazo kamera haizipati. Hesabu kinachojirudia. Picha ya simu ije mwisho, kama ushahidi tu, na ndani yake weka kipande cha karatasi nyeupe. Sababu yake utaiona tukifika kwenye rangi.

Baiskeli zitazame vizuri. Tanga ni tambarare na baiskeli ni sehemu ya mji, lakini wengi huchora baiskeli yoyote waliyoipata mtandaoni. Ya hapa ina keria pana nyuma, ina mzigo, ina namna yake ya kufungwa kamba. Kamba ndiyo habari.

Kuhusu watu, salamu hutangulia kila kitu. Bibi anayesuka ukili barazani si mandhari. Mwambie, "Shikamoo bi mkubwa. Mie mwanafunzi, najifunza uchoraji, naomba nikae nikuangalie unavyosuka." Yumkini atakujibu, "Marahaba mwanangu, kaa, ila mkono usikae bure," na utapewa ukindu ushike. Ushike. Katika saa moja vidole vitakufundisha mengi zaidi kuhusu kupita juu na kupita chini kuliko picha mia. Msikitini na makaburini omba ruhusa, na bandarini, kwenye reli, vituo vya polisi na kambi usitoe kamera kabisa bila kibali.

4. Tandaza, kisha tupa

Tandaza kila kitu sakafuni. Usipange kwa mada (bahari huku, majengo kule), panga kwa umbo: vinavyosimama wima pamoja, vinavyojirudia pamoja, vya duara pamoja, vilivyochakaa pamoja. Hapo ndipo vitu visivyohusiana vinaanza kuitana. Reli inajikuta jirani na shamba, nondo za dirisha jirani na singa, yaani nyuzi, za mkonge zilizoanikwa.

Kisha tupa. Kila kipande kipitishe kwenye jaribio la jina. Mlango wa nakshi ni mzuri, lakini Zanzibar itakushinda hapo kila siku. Mkeka ni wa pwani nzima. Twiga na mbuyu kwa mtindo wa Tingatinga, uliozaliwa Dar es Salaam miaka ya 1960, hata usiuanze. Bakiza mambo matatu, mwishowe moja.

5. Toka kwenye picha, ingia kwenye kanuni

Hii ndiyo hatua yenye uzito, na ndiyo inayorukwa. Wanafunzi wengi wakishapata "mkonge" huchora mmea wa mkonge, wanaurahisisha kidogo, basi wana nembo. Hiyo ni picha ya kitu. Unachotafuta ni kanuni: sentensi inayoanza na kitenzi, ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata bila wewe kuwapo na akapata kitu kinachofanana na chako.

Kwenye jani la mkonge, singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Mashine ya korona inaponda na kuosha kila kilichobaki. Mchoro wako nao upitishe kwenye korona: punguza, punguza, mpaka ibaki singa.

Tuufuate mfano wetu. Ukisimama pembeni mwa shamba utaona mkonge mara nyingi umepandwa kwa safu pacha: safu mbili zilizokaribiana kama mita 1, kisha njia pana ya kama mita 4 ya watu na mizigo kupita, kisha safu mbili tena. Mbili, nafasi. Mbili, nafasi. Sasa ikumbuke reli uliyoiona: vyuma viwili vilivyoachana mita 1 kamili, maana ndio upana wa reli ile. Shamba na reli vinasema lugha moja, na vyote viwili vilianza mwaka mmoja. Kanuni ya kwanza basi: *chora mistari miwili kwa nafasi ya 1, ruka nafasi ya 4, rudia.*

Jaribio la jina. "Morogoro"? Inafaa, ole wako: Morogoro nayo ina mkonge na reli. Usikate tamaa, jaribio limekwambia kinachokosekana. Reli ya Tanga ilianzia kwenye maji, na singa zote zilikuja kuishia kwenye maji. Ongeza: *mistari ikatwe chini na mstari mmoja wa mlalo, na chini ya huo pasiwe na kitu.* Sasa Morogoro imetoka. Mombasa ina bahari na reli lakini mdundo wa 1 kwa 4 si wake. Tumekaribia.

Kanuni nyingine mbili, kwa anayetaka njia tofauti. Silikanti ana madoa meupe kwenye mwili wa bluu ulioiva, na madoa ya samaki mmoja hayafanani na ya mwingine. Watafiti huyatumia kumtambua kila mmoja. Kanuni: *umbo la nje libaki lilelile, madoa yabadilike kwa kila mtumiaji.* Hiyo inafaa sana kwa tamasha au kwa chuo, ambako kila idara hupata alama yake bila kuvunja familia. Ya Ngamiani: *namba iwe kubwa kuliko jina.* Rahisi kuisema, ngumu kuichora vizuri, na mtoto wa Ngamiani ataitambua akiwa mbali.

Ukitaka kuona jiji zima lililofanya hivi, tazama Porto, Ureno. Mwaka 2014 mbunifu Eduardo Aires na studio yake walianzia kwenye vigae vya bluu na vyeupe vilivyofunika kuta za mji, wakachora alama ndogo ndogo kwa mstari wa unene mmoja, kila moja ikibeba kitu cha Porto, na zote zinaungana kingo kwa kingo kama ukuta wa vigae. Jifunze njia yao. Tafadhali usilete alama za bluu za mstari mmoja, walimu wameshaziona za kutosha.

6. Michoro midogo mingi

Chora visanduku vya kimo cha kibiriti, 20 kwa ukurasa, jaza vyote bila kuhukumu. Vitano vya kwanza vitakuwa vya wengine ulivyowahi kuviona. Katikati utachoka na kuanza kufanya mambo ya ajabu. Hapo ndipo pa kupaangalia. Chagua vitatu, uvikuze.

7. Weka vipimo

Sasa fungua kompyuta. A2 ni mm 420 kwa 594. Kizio chetu kimoja kikiwa mm 12, nafasi ya 1 na nafasi ya 4 vinafanya mm 60, na 60 inaingia ndani ya 420 mara 7 bila kubaki. Una jozi 7 za mistari. Mstari wa bahari uweke mm 119 kutoka chini, karibu sehemu ya tano ya bango. Ongeza mm 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa kiwandani, na picha zozote zisizo za vekta (vekta ni mchoro unaokuzwa bila kuharibika, tofauti na picha ya kamera) ziwe na nukta 300 kwa inchi.

Kisha vunja kanuni mahali pamoja tu. Jozi moja ikose mstari wake mmoja, au mstari mmoja uvuke bahari. Jicho litakwenda hapo lenyewe, na hapo ndipo uweke neno.

8. Rangi zitoke mahali

Rudi kwenye picha zako. Ile karatasi nyeupe uliyoiweka pembeni inakuonyesha kama simu imeingiza umanjano au ubuluu. Irekebishe picha hadi karatasi iwe nyeupe kweli, ndipo uchukue rangi. Bila hivyo unachukua rangi za simu.

Jani la mkonge ni kijani chenye majivu, baridi kuliko unavyokumbuka. Singa kavu ni rangi ya malai. Udongo wa shambani ni mwekundu. Na ile zambarau ya ua la 1893, kidogo sana, mahali pamoja. Rangi nne zinatosha, na ukiweza mbili, mwenye kiwanda cha uchapaji atakupenda na bei itashuka. Kabla ya kuzipenda sana, geuza bango zima liwe jeusi na jeupe. Likianguka, tatizo haliko kwenye rangi. Maneno yawe na tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 na kilicho nyuma yake. Mtandaoni kuna vikokotoo vya bure.

9. Herufi, na Kiswahili chenyewe

Usijaribu fonti kwa yale maneno ya Kilatini ya kujazia. Kiswahili kina a, i, u na k nyingi, kina w na y kila kona, x na q hakina. Maneno yetu ni marefu pia: *tunawakaribisha* haikai kwenye safu nyembamba, na ukiacha programu ilikate itakata popote. Likate mwenyewe kwenye silabi. Angalia ng' ya *ng'ambo*: alama yake iwe ya kupinda kama koma, iliyo juu, na isiitupe g mbali. Na neno TANGA kwa herufi kubwa lina shimo kati ya T na A. Lizibe kwa mkono.

Vibao vya maduka vilivyoandikwa kwa brashi ni hazina, lakini vina wenyewe. Ukitaka mwandiko wa fundi fulani, mtafute, mwombe, mlipe, na jina lake liwe kwenye kazi.

10. Ihamishe kwenye kanga

Hata kama kazi yako ni bango, jaribu kanuni kwenye kanga. Kanga ina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini, na ukubwa wake ni kama sm 150 kwa 110. Kizio kikiwa sm 2, mdundo wetu wa sm 10 unaingia mara 15 upande mmoja na mara 11 upande wa pili, pindo limejikamilisha. Shida ipo pembeni, ambako mistari ya wima inakutana na ya mlalo. Tatua kona moja kwa mkono, kisha izungushe nyuzi 90 mara tatu. Kanuni ikikubali kona, itakubali karibu kila kitu: tiketi, fulana, ubavu wa bajaji.

11. Wapelekee wenyewe

Chapisha karatasi nyeusi na nyeupe, nenda nayo gengeni, kijiwe cha bodaboda, kwa yule bibi wa ukili. Usiulize "umependa?", maana watu wa Tanga wana adabu na watakujibu ndiyo. Uliza, "Hiki unakiona nini?" kisha nyamaza. Halafu, "Ni cha wapi?" Andika maneno yao kama walivyoyasema. Wakiona magereza kwenye mistari yako, na mistari ya wima ina tabia hiyo, rudi ukaongeze nafasi au uichonge ncha juu kama jani.

12. Kuwasilisha

Mwalimu mpe kurasa chache: sentensi ya mipaka, mchoro mmoja wa mtaani, ile karatasi ya mkaa, kanuni kwa maneno, bango, kanga, na majibu ya wenyeji. Weka na ukurasa wa ulivyovitupa, kila kimoja na jina la mji mwingine kilikofaa. Hifadhi faili la vekta, na lingine ambalo herufi zimegeuzwa kuwa maumbo, ili kompyuta ya kiwandani isikuwekee fonti yake.